Mgeni Katika Ibada Yetu: Uhakiki wa Desturi ya Kuwatambulisha Wageni

Katika sharika nyingi za Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, mzee wa kanisa anaposimama kusoma matangazo huuliza kama wapo wageni. Wakiwapo, huombwa wasimame. Kila mmoja hutaja jina lake, mahali atokako na usharika wake, huongeza neno la salamu, washarika hupiga makofi au kuimba ubeti wa kukaribisha, kisha ibada huendelea. Desturi hii imezoeleka hata si rahisi kumpata mwanafunzi wa theologia ambaye, akiulizwa ni wapi katika ibada Kanisa humpokea mgeni, hatataja matangazo. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki desturi hiyo. Twaona kwamba liturgia yenyewe hujua kumpokea mgeni, tena kwa adabu kuliko sisi. Na kwamba mahali pale pale tunapodhani tunamkaribisha ndipo mara nyingi tunapomweka nje.

Kwanza yatupasa kupambanua, maana neno "mgeni" kwetu hufunika watu wawili wasiofanana. Yuko msharika wa usharika mwingine aliye safarini. Huyu ana barua ya utambulisho mfukoni, anazijua nyimbo, na salamu alizotumwa ni mzigo anaotaka kuutua. Kumsimamisha ni kumtendea haki, Paulo mwenyewe alimtambulisha Fibi kwa Warumi (Rum. 16:1-2). Yuko na wa pili. Huyu hajawahi kuingia kanisani, au aliingia mara ya mwisho alipobebwa kwenda kubatizwa. Ni mchumba wa msharika, ni jirani Mwislamu aliyealikwa, ni kijana aliyekuwa akipita njiani akasikia kwaya, ni mtu aliyeamka alfajiri na jambo zito moyoni asijue pa kulipeleka. Ameketi benchi la nyuma kwa makusudi. Akiulizwa mbele ya mkutano mzima, "Watoka usharika gani?", hana jibu. Tunamwuliza habari za kitu asicho nacho, na huenda kukikosa ndiko kulikomleta. Desturi yetu haiwapambanui watu hawa wawili, na kasoro yake kubwa ni hiyo.

Mtume Paulo anamfahamu huyu wa pili. Katika 1 Wakorintho 14:23-25 anaipima ibada nzima ya Korintho kwa sikio la mtu aliyeingia kutoka nje: je, atadhani waliokusanyika wana wazimu, au ataguswa moyo? Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka humwita mtu huyo mjinga, neno linalowakwaza wasomaji wengi wa leo kwa kuwa limekuwa tusi. Neno la Kiyunani, idiotes, humtaja mtu asiye na mafunzo ya jambo fulani, asiye wa chama. Na Kiswahili cha zamani hakikuwa mbali na hapo. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 mjinga alikuwa mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara, hasa mtumwa, asiyejua bado lugha wala desturi za mji, tofauti na mzalia. Likisomwa kwa sikio hilo, neno linamtaja mtu aliyefika jana. Paulo anadai nini kwa ajili yake? Anadai kwamba yanayosemwa yaeleweke. Hadai asimamishwe. Mwisho wa aya hiyo zinazofunuliwa ni siri za moyo wake mwenyewe, na anayezifunua ni neno linalohubiriwa; jina lake na kijiji chake havimo katika habari hiyo kabisa.

Mababa wa Kanisa la kwanza wanatupa ushuhuda wa namna mbili. Yustino Mfiadini, akiandika kule Roma kama mwaka 155 utetezi wake kwa Kaisari Antoninus Pius, alimweleza mtawala huyo mpagani yanayotendeka Jumapili: husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi huonya na kufundisha, wote husimama na kuomba, huletwa mkate na divai iliyochanganywa na maji, watu huitikia Amina, na mashemasi huwapelekea wasiokuwapo. Yustino hafichi kwamba hawashiriki chakula hicho ila walioamini na kubatizwa. Analisema jambo hilo kwa maneno mepesi, bila kuomba radhi na bila kutisha. Kisha anataja sadaka. Wenye nacho hutoa kwa hiari, na kinachokusanywa huwekwa kwa msimamizi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni walio ugenini kati yao. Wasomaji wetu waliangalie neno hilo la mwisho. Katika karne ya 2 mgeni ametajwa katika hesabu ya sadaka kama mmoja wa wanaopewa.

Ushahidi wa pili ni Didaskalia, kitabu cha mafundisho ya kanisa kilichoandikwa Shamu katika karne ya 3. Humo askofu ameagizwa kwamba akiwa katika neno la Mungu na akaingia mtu mwenye heshima ya dunia, asiiache huduma ya neno ili kumtafutia mahali pa kuketi. Ndugu wengine watampokea. Lakini akiingia maskini, mwanamume au mwanamke, hasa aliye mzee, na nafasi hakuna, basi askofu mwenyewe amfanyie nafasi kwa moyo wake wote, hata ikibidi yeye aketi chini. Kila mchungaji anayesoma makala haya amekwisha kuona ibada ikikatwa katikati kwa sababu mheshimiwa amefika na msafara wake. Kiti cha mbele hutafutwa, mhubiri hunyamaza, na itifaki hushika nafasi ya liturgia. Siku hiyo hiyo yule mama mzee aliyefika kwa mara ya kwanza amesimama mlangoni, naye hupewa nafasi na mtoto wa shule ya Jumapili kama mtoto huyo amelelewa vizuri. Yakobo aliliandikia Kanisa juu ya jambo hili kabla hatujawa na waheshimiwa wa aina hii (Yak. 2:1-4).

Sasa tuje kwa Luther, kwa kuwa wengi wetu tunaitetea desturi yetu kwa kusema kwamba ibada ni ya familia ya Mungu, na mgeni ni lazima aingizwe katika familia hiyo kwa kutajwa jina. Katika dibaji ya Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526, Luther anataja namna tatu za ibada. Ya kwanza ni ile ya Kilatini aliyoitengeneza mwaka 1523, aliyotaka idumu kwa ajili ya vijana na lugha. Ya tatu, ambayo hakuipanga kwa kuwa hakuona watu wa kuifanya, ingekuwa ya wale wanaotaka kuwa Wakristo kwa bidii, wakikutana nyumbani na kuandikwa majina yao. Ya pili ndiyo Misa ya Kijerumani yenyewe, inayofanyika hadharani makanisani mbele ya watu wote. Kuhusu hii Luther anasema wazi kwamba wengi waliomo hawajaamini bado. Wamesimama wakikodoa macho ili waone jambo jipya, kana kwamba ibada inafanyika uwanjani kati ya watu wasiomjua Kristo. Na lengo la ibada hiyo ni kuwavuta hadharani wafikie imani.

Uzito wa maneno hayo kwetu ni mkubwa. Ibada yetu ya Jumapili, pamoja na kuungama kwake, masomo yake, Imani yake na mahubiri yake, ni mrithi wa ile ya pili. Tangu mwanzo ilikusudiwa kwa ajili ya yule anayekodoa macho benchi la nyuma. Kuandika majina ni jambo la ibada ya tatu, ambayo Luther hakupata kuianzisha. Sisi tumechukua uandikaji wa majina wa ibada ya nyumbani tukaupachika katikati ya ibada ya hadhara, na hapo ndipo vitu viwili vinapogongana.

Hebu tumfuate mgeni huyo hatua kwa hatua. Kengele imelia, kwaya na wahudumu wanaingia kwa maandamano, watu wanasimama. Jambo la kwanza analolisikia ni kwamba wote waliopo ni wenye dhambi, askofu akiwamo siku akiwapo, na kwamba wote wanaungama pamoja. Watu wengine hufikiri mwanzo huu ni mkali mno kwa mgeni. Sisi tunauona ndio ukarimu mkubwa kuliko wote katika ibada nzima, kwa maana katika kuungama hakuna mgeni wala mwenyeji. Mzee wa kanisa wa miaka thelathini na mtu wa dakika kumi wanatamka maneno mamoja na kutangaziwa ondoleo moja. Liturgia imemkaribisha tayari, tena amewekwa kati ya watu badala ya kuwekwa mbele yao. Baada ya nusu saa matangazo yanakuja na kuvunja kile ambacho ungamo limejenga.

Yapo mambo mengine yanayomsumbua, nayo ni madogo lakini ni halisi. Maitikio yanaimbwa kwa kichwa na kila mtu isipokuwa yeye. Nyimbo zinatajwa kwa namba, na kitabu cha nyimbo ni mali ya kila msharika, kwa hiyo mgeni hana. Sharika chache tu huweka vitabu vichache mlangoni kwa kuazima. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maua ya Pasaka. Hajui lini kusimama na lini kuketi, ingawa hilo hujifunza kwa kuangalia wa mbele yake, na hatuoni sababu ya kulifanyia mhadhara.

Sadaka ni jambo zito zaidi. Watu wanakwenda mbele kwa mistari, benchi baada ya benchi, wengi wakiwa na bahasha zenye namba ya msharika. Mgeni hana bahasha. Akibaki ameketi anaonekana. Akienda mikono mitupu anaonekana zaidi. Baadaye inakuja sadaka ya pili, mahali pengine na ya tatu kwa ajili ya jengo, na kabla ya hapo makusanyo ya Jumapili iliyopita yamekwisha kusomwa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twampa jembe saa ya kwanza. Kama tungerudi kwa Yustino hata kwa sentensi moja, mhudumu akasema kwamba sadaka hii ni ya washarika na mgeni hadaiwi kitu, mtu angepumua. Hatudhani kapu lingepungua kwa sababu hiyo.

Kuhusu mnada wa mazao baada ya ibada, ambao baadhi ya wasomi wetu huuonea haya, tunakuwa na maoni tofauti na yao. Mkungu wa ndizi, mayai na jogoo aliyefungwa miguu ni vitu ambavyo mgeni anavielewa bila katekisimu. Pale nje hucheka pamoja na watu, hununua yai akampa bibi aliye karibu naye, na mazungumzo huanza yenyewe. Pengine utambulisho wa kweli katika sharika zetu hufanyika hapo, chini ya mti, wala hakuna aliyeupanga.

Lakini hakuna mahali mgeni anapoachwa gizani kama kwenye Meza ya Bwana. Mhudumu anatamka maneno ya kuweka sakramenti, anaalika, na benchi zima linainuka kwenda kupiga magoti. Hakuna aliyemwambia nani anakuja na nani anangoja. Akiinuka pamoja na wenzake, huenda akapitwa pale altareni mbele ya wote. Akibaki, amebaki peke yake kwenye benchi refu, naye haelewi kwa nini. Kanisa la kale lilikuwa na njia yake: wakatekumeni waliagwa baada ya mahubiri, na milango ikalindwa. Sisi tumeacha kuwaaga lakini hatukuweka kitu badala yake. Tumeacha mlango wazi na tumeacha pia kueleza kilichomo ndani. Tunapendekeza kwamba kabla ya mwaliko mhudumu aseme kwa utulivu wanaoshiriki ni nani kwa desturi ya Kanisa letu, kwamba asiyebatizwa ameketi kwa heshima na si kwa aibu, na, pale ambapo dayosisi inaruhusu, kwamba aweza kuja kubarikiwa. Yustino alimweleza Kaisari. Haitatushinda kumweleza jirani.

Hapa tutajibiwa kwamba utambulisho ni utamaduni wetu, na kwamba Mwafrika hamwachi mgeni akae bila kumwuliza jina. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Askofu Josiah Kibira, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, alituonyesha jinsi mahusiano ya ukoo yanavyoweza kutufundisha Kanisa ni nini. Basi na tuuulize ukoo. Mgeni akibisha hodi nyumbani kwetu, jambo la kwanza ni kiti. La pili ni maji, au chochote kilichopo. Habari za nyumbani huulizwa taratibu, na lililomleta huulizwa mwisho, na mwenye nyumba, kando, sauti ikiwa chini. Mwenyeji anayemsimamisha mgeni mlangoni na kumtaka ajieleze mbele ya watoto na majirani angehesabiwa hana malezi. Kwa hiyo hatuamini kwamba desturi ya matangazo imetoka kwenye ukoo. Inafanana zaidi na mkutano wa hadhara, ambako meza kuu hutambulishwa kwa vyeo, na tunashuku kwamba imetokea huko. Kumtetea mjumbe wa itifaki kwa jina la babu ni kumsingizia babu.

Wapo na wanaokwenda upande wa pili. Wao husema ibada yote ifanywe kwa ajili ya mgeni: ungamo liondolewe, Imani iachwe, mahubiri yawe mashauri ya maisha, muziki ufanane na ule wa redioni. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Willow Creek, kanisa lililoanzishwa mwaka 1975 karibu na Chicago kule Marekani, lililojulikana kwa ibada zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wasio na mazoea ya kanisa. Maelfu waliingia. Hata hivyo mwaka 2007 viongozi wake wenyewe walitangaza matokeo ya uchunguzi wao, wakakiri kwamba kushiriki katika shughuli na programu hakukuwa kumewakuza watu kiroho kama walivyotazamia. Hatusemi hivyo ili tuwacheke. Ni sharika chache zilizo na ujasiri wa kujichunguza na kutangaza. Tunasema tu kwamba mgeni aliyekuja kumtafuta Mungu hatendewi wema akikuta tumemficha Mungu ili asimtishe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 24, linasema taratibu za ibada zahitajiwa hasa ili wasiojua wafundishwe. Taratibu zibaki basi, na zifundishe.

Na kifungu cha 7 cha ungamo hilo kinatupa uhuru katika mambo mengine: kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na huduma ya sakramenti, wala si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Kuwasimamisha wageni ni desturi ya namna hiyo. Baraza la wazee la usharika laweza kuibadili katika kikao kimoja bila kusubiri Sinodi. Wenye barua na salamu waitwe kwa majina yao, kwa kuwa walikwisha kujitambulisha ofisini kabla ya ibada. Wengine waambiwe kwa maneno mawili kwamba wamekaribishwa, na wasiombwe kufanya kitu. Mzee mmoja au wawili, wenye uso wa kuaminika, wasimame mlangoni kabla na baada ya ibada. Huko ndiko jina huulizwa, na anayependa kulitaja atalitaja.

Limebaki jambo moja ambalo wanaojadili ukaribishaji wa wageni hulisahau. Tunazungumza kana kwamba watu huingia kanisani mara ya kwanza siku ya Jumapili. Kwa hali halisi ya nchi yetu, wengi huingia kwanza siku ya arusi, na wengi zaidi siku ya maziko. Kanisa limejaa siku hiyo: Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste, watu wasio na dini, wafanyakazi wenzake marehemu. Hakuna anayewasimamisha, na hiyo ni heri. Lakini hao ndio wageni wa Luther waliokodoa macho, nao wanalishwa nini? Katika baadhi ya sharika husomwa wasifu, kisha mhudumu hueleza kama marehemu alikuwa msharika hai, kama alishiriki Meza ya Bwana mara ya mwisho lini, na kama ahadi yake ya mwaka ilikamilika. Mahali pengine mahubiri hugeuka maonyo kwa walio hai wasiolipa, ili wasije wakazikwa bila kengele. Ufufuo hutajwa pale kaburini, kwa haraka, kwa kuwa jua limekwenda. Tungependa wachungaji wenzetu waanze marekebisho siku hiyo kabla hawajagusa matangazo ya Jumapili: habari za ahadi zishughulikiwe ofisini pamoja na familia, na mahubiri ya maziko yaandikwe kwa ajili ya yule mfanyakazi mwenzake marehemu aliyesimama karibu na dirisha, ambaye hajawahi kusikia habari za kaburi lililo tupu, na ambaye saa kumi jioni atapanda basi kurudi alikotoka.